Sifa za Dirisha Linalocheza Sindimba

Wanaoliteta dirisha linalotikisika wamekwisha kusema yao: linakula umeme, linachosha mashine, halina faida. Mimi niliyeishi nalo steshenari Newala, nikachapa nalo barua za watu na kuchelewa nalo, naona ni zamu yangu kulisemea.

Kwa asiyelijua: dirisha la kawaida la kompyuta ukilivuta kwa mausi linafuata kama mbuzi aliyefungwa kamba. Hili ninalolisifu linagoma kwanza pembeni, linanepa katikati, kisha linafika likiwa bado linatetema kiunoni. Bibi mmoja mwenye chale usoni, zile za zamani, alikuja kutoa kopi ya kadi ya kliniki ya kitukuu chake, akaliangalia mpaka likatulia. "Mjukuu wangu, karatasi yako inacheza sindimba?" Tangu siku hiyo sikulipa jina lingine ila la ngoma hiyo.

Nasaba yake si haba. Mwaka 2006 kampuni ya Novell ilitoa programu iitwayo Compiz, kazi ya David Reveman, na Oktoba 2007 mfumo wa kompyuta wa Ubuntu, toleo la 7.10, ukaja nayo ikiwa imewashwa tayari. Sidi za Ubuntu zilitumwa kwa posta bure, na sisi watu wa Kusini kitu cha bure kikishapanda mlima mpaka Newala hatukiulizi maswali. Msimu huohuo wa 2007/08 ndipo Mtwara ilipoanza kuuza korosho kwa stakabadhi ghalani. Mkulima akajifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba korosho zake zinaweza kuwa ghalani zisiwe pesa, na kwamba barua ya kuziulizia inaweza kucheza ngoma.

Zamani madirisha yote yalichorwa juu ya ubao mmoja. Moja likipita juu ya jingine, lililofunikwa lilitakiwa kujichora upya. Likiwa limeganda halijichori, ndiyo maana tulikuwa tukiona dirisha linaburuta vivuli vyake mia kwenye skrini. Compiz ililipa kila dirisha karatasi yake kwenye kumbukumbu, na kadi ya picha ndiyo inayozipanga na kuzikunja. Kadi hiyo ni kama kundi la wabangua korosho: kazi ni ileile, mikono ni mingi, haraka haraka. Kwa hiyo penye kadi nzuri ngoma hii karibu haiigusi prosesa, na kazi yenyewe inakuwa laini kuliko kabla. Nakiri hili kwa shingo upande, maana linaniharibia. Kitu kikishafaa, cha kukisifia ni nini?

Kompyuta yangu haikuwa na dosari hiyo. Niliinunua mtumba Masasi, chini ya yale majabali, ina ramu ya megabaiti 512, na picha zake zinaazima kwenye hizohizo 512. Ilipanda basi mpaka juu ikiwa imefungwa kanga. Nikiwasha sindimba, feni inalia kama mashine ya kusaga, na fadhila zinaanzia hapo. Msimu wa kipupwe, upepo ukipanda kutoka upande wa Ruvuma, wateja walikuja kuweka viganja nyuma ya kompyuta yangu. Jirani yangu, yule mwenye mashine ya haraka, hakuwahi kumpasha mtu joto.

Kisha mvua. Unabonyeza Shift na F9, matone yanaanza kudondoka kwenye skrini, viwimbi vinatanuka juu ya maombi ya kazi ya mtu. Uwanda huu wa Newala hauna mto. Wazee waliteremka bondeni kuteka, sisi tunangoja pampu ipandishe, na pampu inangoja umeme. Mimi nilinyeshewa mezani Agosti nzima, bila bili. (Umeme ukikatika na mvua yangu ilikatika. Lakini hata bomba ni hivyohivyo.)

Mchemraba, mtindo mwingine wa Compiz, nauruka. Unazungusha meza nne za kazi, nami sikuwahi kupata kazi ya kujaza hata moja.

Wenye busara wanasema pambo lisilo na kazi ni upuuzi. Waende wakamwambie bibi yule mwenye chale, au mama yake aliyetoboa mdomo wa juu akavaa ndonya. Ndonya haichoti maji. Mjerumani Karl Weule alipiga kambi Newala mwaka 1906 na kamera ya sinema na fonografu. Miongoni mwa alivyovinasa ni ngoma na nyimbo. Hata Microsoft waliipamba Windows Vista mwaka 2007 kwa vioo vya kung'aa, wakataka ramu ya gigabaiti nzima, halafu mwaka 2012 wakavibandua katika Windows 8. Chale hazibanduki.

Lakini sifa kuu nimeiweka mwisho, nayo ni moto. Kuna mtindo ambao dirisha likifungwa linateketea kwa miali, na kwa kompyuta yangu moto huo ulichukua muda wa kuchemsha chai. Siku moja mzee wa kutokea njia ya Kitangari alinisomea barua ya kwenda chama chake cha msingi, akiuliza kilo zake zilizopungua kati ya mzani wa kwanza na wa pili. Nikachapa, nikahifadhi, nikafunga. Mzee akaruka kutoka kwenye benchi.

"Kijana! Umenichomea barua!"

"Ipo, babu. Tazama." Nikaifungua, nzima, mpaka nukta. Nikaifunga, ikaungua tena polepole, feni ikilia. Nikaifungua, nzima. Mzee akakaa kimya, akitazama skrini jinsi mtu anavyotazama mganga. Kisha akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka imechanika kwenye mikunjo. Ilikuwa barua ya kudaiwa deni la salfa ya kupulizia mikorosho.

"Na hii uiingize humo."

"Niichape upya yote, babu?"

"Yote, na mhuri wao uuandike." Akaweka mia tano mezani. "Halafu uichome, usiifungue tena."