Njugu za Magokoro

Kama umeoa mwalimu, au umeolewa na mwalimu, sogea hapa tuongee, maana wewe utanielewa upesi. Waliooa wahasibu na wauguzi wana shida zao, sikatai, lakini hawajui nyumba ya mtu inavyoweza kugeuka kituo cha mtihani kabla chai haijapoa mezani.

Mwalimu wangu ana jina lake zuri alilopewa na nyanya yake, ila hapa nyumbani hata mama yangu humwita Mwalimu. Anafundisha Sayansi Unganishi katika shule ya sekondari msingi huku kwetu Nyamira, upande wa Manga. Zaidi ya vipindi vyake amekabidhiwa tathmini za shule nzima. Ukisikia hivyo unadhani ni cheo. Ni kukosa usingizi, na usingizi huo tunaukosa wote.

Wazazi wengi bado hawajafahamu mambo haya yanavyokwenda, na ni ya watoto wao. Baraza la Mitihani, KNEC, linaweka majaribio na miradi kwenye mtandao. Shule inaingia kwa neno lake la siri, inapakua, inachapisha, inawapa watoto, inasahihisha, kisha inapakia alama huko huko. Hayo ya Gredi ya Saba na ya Nane ni asilimia 20 ya matokeo ya mwisho ya mtoto. Mtihani wa Gredi ya Sita, KPSEA, ni 20 nyingine, na ule wa Gredi ya Tisa, KJSEA, ni 60. Matokeo hayo ndiyo yanayoamua mtoto aende shule gani ya sekondari pevu. Kwa hiyo karatasi inayotoka kwenye printa ya shule ndogo kijijini si mazoezi ya kupotezea Ijumaa.

Mtihani wa kidato cha nne, KCSE, una kontena lake. Kontena lina kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa naibu kamishna wa kaunti, wa pili kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, na askari mwenye bunduki mlangoni. Tathmini ya Gredi ya Saba ina Mwalimu na laptopu yenye kibodi inayokwama herufi ya M.

Sasa, mvua za Gusii unazijua. Asubuhi jua, mchana mawingu yanapanda kutoka upande wa ziwa, saa tisa radi. Siku hiyo ilipiga nguzo ya stima karibu na shule, giza likaingia ofisini huku majaribio yakiwa yamepakuliwa tayari na hakuna hata karatasi moja iliyochapishwa. Kwetu stima ilikuwapo. Mwalimu Mkuu, mama mmoja mkakamavu, akaamua kazi ifanyike nyumbani kwetu, mbele ya macho ya watu wawili wakati wote, yeye na Mwalimu. Printa ikaja kwa bodaboda imefungwa nailoni, na yeye nyuma yake kwa boda nyingine, rimu ya karatasi imefichwa ndani ya koti la mvua. Akakaa kwenye kiti changu. Nikahamia stuli.

Shida ya kwanza ikawa Wakili. Huyu ni kifungua mimba wetu, na jina hilo alilipata akiwa na miaka minne, kwa sababu hakuna agizo atakalolitii kabla hujamweleza sababu, na sababu yenyewe ataihoji. Wakili yuko Gredi ya Saba, shule hiyo hiyo, darasa la mama yake.

“Chukua sweta,” Mwalimu akamwambia. “Utalala kwa Magokoro.”

“Kwani mimi ni mshukiwa?”

“Wewe ni mtahiniwa. Nenda kabla mvua haijarudi.”

“Lakini Mchwa anabaki!”

Mchwa ni kitinda mimba. Karatasi yoyote iliyo chini ya kimo cha meza ni mali yake: ataitafuna, ataichana, au ataikokota hadi anakojua mwenyewe. Hata hivyo Mchwa hajui kusoma, kwa hiyo kisheria hakuwa na tatizo. Wakili akaondoka akinung’unika, akakata kwenye mashamba ya majani chai hadi ng’ambo ya bonde kwa mama yangu, Magokoro wake.

Wakati printa ikipata joto, nikuchukue kidogo hadi Tabaka, kwa wakwe zangu, maana bila kumjua Injinia hutajua Mwalimu anapambana na nini. Injinia ni shemeji yangu, mchonga mawe ya sabuni kama nusu ya watu wa Tabaka, na ni stadi kwelikweli. Muhula uliotangulia Wakili alikuwa na mradi wa Sanaa, kuchonga mnyama. Mjomba akasikia. Jumamosi akaja kwetu na gunia begani, na ndani ya gunia mna twiga aliyeng’arishwa mpaka unajiona usoni kwenye shingo yake. Mtalii angemlipia twiga huyo bila kuuliza bei.

“Mpe mwalimu wake wa Sanaa,” akasema. “Hapo ni nne tupu.” Alama zenyewe ni za kuanzia moja, chini ya matarajio, hadi nne, kuzidi matarajio.

Mwalimu akamfunga twiga kwenye gunia lake. “Kaka, hiyo nne ni yako. Mtoto apewe yake.”

“Mimi si mtu wa nje. Mimi ni mjomba!”

Wajomba wa nchi hii wamejaa mapenzi, na mapenzi hayo yanaharibu tathmini kuliko wezi. Mwaka 2020, shule zilipofungwa Machi kwa sababu ya korona na kazi za darasani zikahamia kwenye WhatsApp, Mwalimu alikuwa akinionyesha majibu ya wanafunzi wake: swali la mtoto wa miaka kumi limejibiwa kwa mwandiko wa mtu mzima, karibu saini iwekwe chini. Basi mradi ule Wakili alichonga kiboko wake mwenyewe. Kiboko alifanana na kiazi, Wakili akapata mbili, akalia. Muhula huu anajua kushika patasi.

Turudi nyumbani. Printa ilianza vizuri, halafu wino ukaanza kufifia. Hapo nilimpenda mke wangu upya, ingawa kazi iliongezeka. Kila karatasi aliinua kwenye taa. Mchoro wa seli ukionekana nusu, pembeni. Mstari ukikatika, pembeni. Mwalimu Mkuu akasema watoto watabahatisha, wino ni ghali. Mwalimu akajibu kwa heshima: “Madam, mtoto asiyeuona mchoro hatutakuwa tumempima sayansi. Tutakuwa tumempima macho.” Nikatumwa kwa saiba ya sokoni kutafuta wino, na nilipata.

Watu wakizungumzia usalama wa mitihani hufikiria siri peke yake. Siri ni lazima. Lakini darasa la watoto waliosoma karatasi safi na darasa la wale waliopewa fotokopi ya fotokopi hawajafanya mtihani mmoja, hata kama haukuvuja.

Katikati ya shughuli hiyo akaingia Magokoro. Mama yangu habishi hodi. Mlango ni wa mwanawe. Alikuja na ndizi, akazipeleka jikoni, akamwamkia Mwalimu Mkuu vizuri, halafu akauliza, “Mjukuu wangu atapita?”

“Mama, bado hajafanya.”

“Basi si mmwonyeshe kidogo?”

Usimlaumu. Magokoro alifanya CPE, ule mtihani wa darasa la saba uliokuwapo kabla ya KCPE kuanza mwaka 1985. Enzi zao mlango ukifungwa umefungwa, na anawajua kwa majina wote aliosoma nao ambao mlango huo uliwafungia. Akapewa chai badala ya mtihani, akaenda zake na njugu karanga alizokuwa amekaanga jikoni kwetu.

Mwishowe Mwalimu akahesabu. Nzuri, zimefungwa kwenye bahasha na kutiwa saini na wote wawili. Zilizoharibika, za kuchomwa motoni. Akahesabu tena zile zilizoharibika. Imepungua moja.

Ndugu yangu, sebule ilipinduliwa. Makochi yakasimamishwa wima. Nikamfungua Mchwa kinywa kwa tochi ya simu, nikakuta biskuti. Mwalimu Mkuu alikuwa amepiga magoti chini ya kabati la vyombo simu yangu ilipolia, namba ya Magokoro.

“Baba.” Sauti ya Wakili, chini chini. “Mwambie Mama njugu zimefungwa kwa mtihani.”

Mchwa alikuwa ameikokota hadi jikoni, na Magokoro, bila miwani, akaona karatasi ya kufungia. Mtihani ukavuka bonde ukiwa na njugu moto ndani, ukafika mikononi mwa mtahiniwa mwenyewe.

Tulikwenda watatu kwa tochi, matope hadi kwenye vifundo. Wakili alikuwa amesimama kando ya meza. Karatasi ilikuwa juu ya meza, imefunikwa kwa sufuria, na juu ya sufuria aliweka mchi.

“Nimeona jina la somo na nusu ya swali la kwanza,” akasema. “Sikumalizia. Magokoro ameniambia nimalizie.”

“Nusu ya swali!” Magokoro akawaka. “Mmetembea usiku kwa nusu ya swali? Mnanifanya mwizi kwa njugu zangu mwenyewe?”

Mwalimu alimwomba radhi kwanza, kama inavyopasa, akamshika mkono. Halafu akamweleza. Na hapa niseme na mimi, maana jambo hili linanikereketa. Matokeo ya KCSE ya 2022 yalipotangazwa Januari 2023, shule ya Nyambaria ya hapa Nyamira ikiwa ya kwanza nchini, nchi nzima ilituangalia kwa jicho la pembeni, hadi Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa ikafanya uchunguzi. Kuanzia mwaka huo wa 2023 Waziri wa Elimu wakati huo, Machogu, mtu wa Kisii, akaamuru karatasi zichukuliwe kontenani mara mbili kwa siku. Miaka kabla yake ni Matiang’i, wa Borabu, aliyekaza kamba za mitihani mwaka 2016. Mawaziri wetu ndio waliofunga kufuli, na bado mtoto wa Kisii akipata A kuna wa kumuuliza ameinunua kwa nani. Kila karatasi inayovuja popote inamwibia mtoto huyo, aliyesoma kwa taa ya mafuta na hakuona hata nusu ya swali la mtu.

“Akipata alama,” Mwalimu akamwambia mama yangu, “nataka usimame kanisani uiseme bila kushusha sauti.”

Magokoro akanyamaza. Akachukua sahani, akamwagia Mwalimu Mkuu njugu.

Usiku ule ule Mwalimu Mkuu aliandika yote kwenye daftari la matukio: karatasi, njugu, nusu ya swali. Akaijulisha ofisi ya elimu asubuhi. Jaribio la Sayansi likasimamiwa na mwalimu mwingine, na kazi ya Wakili ikasahihishwa na mwingine. Swali la kwanza Mwalimu Mkuu akaliacha kwa wakubwa wake waamue. Wakili aliuliza kama ana haki ya kukata rufaa. Anayo.

Bado kulikuwa na kupakia alama. Kwetu mtandao hushika vizuri saa ambazo watu wamelala, tena karibu na dirisha la jikoni. Nikanunua bando, nikakaa na orodha kwenye mapaja, nasoma jina na alama, Mwalimu anabonyeza, kisha ananisomea kutoka kwenye skrini nami nafuata kwa kidole. Injinia, aliyekuja na twiga mwingine mdogo “wa mapambo tu,” alishika tochi stima ilipopotea. Karibu na mwisho wa orodha Mwalimu akasoma jina la kijana mmoja wa bibi mjane wa juu kule, na alama moja.

“Hapa pana nne,” nikasema.

Tukatafuta karatasi ya kijana. Nne, kwa wino mwekundu, imezungushiwa duara. Mama yake hana simu ya kuingilia mtandaoni, na kijana asingejua kamwe ni wapi alipodondokea.

Mwalimu akairekebisha. Halafu akarudi juu kabisa kwenye jina la kwanza, akamwambia kaka yake aisogeze tochi, akaniambia, “Baba Wakili, soma tena. Wote.”