Sifa za Ramu za Mchanganyiko

Washairi wetu wamewasifu ng'ombe, wakasifu majahazi, hata karafuu zikapata zamu yake. Lakini kile kipande cha ramu cha gigabaiti 2 kilichobanwa kando ya mwenzake wa gigabaiti 4, kila kimoja na kiwanda chake, ndani ya kompyuta ya mtumba katika saiba ya Migwani, hakuna aliyekitungia hata mstari. Dhuluma hiyo naikomesha leo.

Sifa yake kuu ni kumheshimu mnyonge. Nunua kipande kipya cha DDR3 chenye kasi ya 1600, ukipachike karibu na mkongwe wa 1333 aliyekuja na mashine kutoka Uingereza. Kila kipande kina chipu ndogo inayotangaza uwezo wake. Madabodi huzisoma zote, kisha huamuru kila mmoja aende 1333. Ni mwethya mtupu, ile kazi ya pamoja ya Wakamba: mwenye jembe jipya halimi tuta mbele ya mzee mwenye jembe butu.

Tena chaneli mbili za ramu zilibuniwa ili prosesa ivute biti 128 kwa mpigo badala ya 64. Ukiipa gigabaiti 4 na 2, madabodi nyingi za Intel hupanga gigabaiti 2 za huku sambamba na 2 za kule, na 2 zilizobaki hujikokota zenyewe kwenye chaneli moja. Nani atakataa mashine yenye mwendo wa aina mbili kwa bei ya mmoja?

Mipaka ipo, kwa bahati mbaya. Ramu ya DDR4 imehamishwa pengo lake na kuongezwa pini kutoka 240 hadi 288, basi haiingii kwenye nafasi ya DDR3 ila kwa nyundo. Afadhali ramu za seva: ni rahisi, zinatoshea barabara, halafu kompyuta ya mezani inakataa kuwaka. Mnunuzi angalau amefurahia safari ya barabara ya Luthuli, Nairobi.

Tena mchanganyiko una unyenyekevu wa ajabu. Jumatatu kompyuta inafanya kazi vizuri. Jumanne skrini inageuka bluu katikati ya barua. Italaumiwa stima, litalaumiwa jua, vitalaumiwa virusi. Ramu haidai sifa yoyote. Fundi anachomoa vipande, anavisugua meno kwa raba ya shule, anavirudisha, kompyuta inawaka, analipwa. Wiki ijayo analipwa tena.

Ila utukufu wake wote huonekana Juni 30, siku ya mwisho ya kupeleka ritani za kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Foleni imefika barabarani, mwalimu yuko ukurasa wa mwisho wa fomu, mashine inajizima na kujiwasha. Hapo ndipo watu wanapogeukiana na kuulizana habari za mvua, za mbuzi, za bei ya ndengu. Wenye ramu pacha huko Nairobi hujaza fomu na kwenda zao. Bei ya ndengu wataisikia wapi?