Gobore la Marehemu na Fisi wa Ziba

Fisi alipobeba mbuzi wa pili, baba mdogo alinawa mikono baada ya ugali akatangaza vita. Hapa kwetu Ziba, wilayani Igunga, anayetangaza vita huulizwa silaha iko wapi. Yake ilikuwa darini: gobore la marehemu babu, limelala nyuma ya magunia ya mpunga.

Magobore si wageni Unyamwezi. Karne ya 19 yalipanda kutoka pwani na misafara, pamoja na shanga na nguo, yakabadilishwa kwa pembe za ndovu. Mtemi Mirambo alijenga utawala wake juu ya bunduki za namna hiyo mpaka alipofariki mwaka 1884. Baba mdogo aliisimulia historia hiyo yote huku akifuta kutu, ili mama mdogo asipate nafasi ya kupinga.

Ubaya wa gobore ni kwamba halisemi. Kila kitu huingia kwa mdomo wa mtutu na kushindiliwa kwa mdeki; likishapakiwa, kwa nje halitofautiani na lililo tupu. Baba mdogo alikaa ukumbini, kopo la baruti miguuni, sigara nyuma ya sikio, kiberiti pajani. Alipofika katikati ya kazi, hodi! Balozi kaja kufuata mchango wa shule. Salamu za mwangaluka zikajibiwa, zikafuata habari za mvua, za pamba, za mgonjwa aliyelazwa Nkinga. Balozi alipotulia kitini, baba mdogo alirudi kwenye kopo akaanza kumimina upya.

Bibi alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akasimamisha ungo.

“Mwanangu, baba yako alikuwa akishindilia mpaka kiganja kinagusa mtutu. Leo mbona mdeki umebaki nje shibiri nzima?”

“Mama, haya ni mambo ya wanaume.”

“Basi wanaume mtoke humu ndani. Umepakia mara mbili!”

Balozi alitangulia kutoka. Buku la michango likabaki kitini. Baruti maradufu katika mtutu uliolika kwa kutu huweza kuupasua, na vipande vikamrudia mpigaji usoni. Bibi alifukuza watu mpaka kuku, akafunga mlango, akamwagiza balozi apige simu polisi. Tukisubiri chini ya mwembe alitukumbusha Mtemi Isike, aliyelipua ghala la baruti ndani ya boma lake Wajerumani walipolivamia Januari 1893. “Yule alikuwa amezingirwa,” alisema. “Huyu wetu kazingirwa na nani?”

Askari walipoliondoa gobore waliuliza leseni. Baba mdogo akatoa karatasi ya babu, nusu imeliwa na mchwa. Akajibiwa kwamba leseni ni ya mtu, si ya ukoo. Bunduki hairithiwi kama jembe. Alitoa maelezo kituoni mpaka jioni. Mbuzi sasa wanalala ndani ya zizi la miiba, na fisi huzunguka akaondoka.

Nawe kama darini kwenu kuna gobore la marehemu, usilijaribu, usilifute, usilibebe begani kulipeleka popote. Lichukulie kuwa limepakiwa, wazuie watoto, uwaite polisi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimtambui mwenye silaha asiye na leseni, na baruti haimtambui mwenye nyumba.