Mimi Si Dalali



Shangazi, huku Glasgow kuna mtu amefungiwa wiki mbili. Hakuiba wala hakutukana. Aliwaambia wenzake kwamba kuna cherehani nzuri inauzwa, basi.

Kafungiwa na kundi la mtandaoni la wapenzi wa cherehani kuukuu, ambalo nami nimejiunga nalo. Cheka tu, shangazi. Ndiyo, mimi yuleyule niliyekuwa nakuletea kifungo cha shati unishonee. Lakini hata wazee wa Kiskoti waliomo humo hawashoni kitu. Wanapaka mafuta, wanapiga picha, wanabishana habari za bobini.

Sasa sheria zao. Ukiuza cha kwako, bei iwe hadharani. Ile yetu ya "bei njoo inboksi, maongezi yapo" inafutwa hata chai haijapoa. Utaje mji uliko, maana chuma kile ukikituma kwa posta kinaweza kufika gurudumu limevunjika. Upige picha cherehani ikiwa na kikaratasi ulichoandika kwa mkono jina lako na tarehe, tujue kweli unayo. Ikishauzwa, bei usiifute, wajao wajue soko lilikuwaje. Yote hayo nayaunga mkono, na natamani yafike kwenye makundi ya viwanja vya Kigamboni. Ukiandika "adimu" watakucheka, kwa sababu Singer walitengeneza mashine hizo kwa mamilioni. Ukiandika kwamba cherehani ya nyumbani inashona ngozi, watakucheka mpaka kesho.

Balaa ni kutangaza mali ya mwenzio. Umeona cherehani eBay, unataka wenzako nao waione. Lazima uanze kwa kiapo: si yangu, muuzaji simjui, sipati kitu. Shangazi, hebu fikiria mtu wa huko kwetu Tandika aone nyumba inauzwa, awaambie watu mtaa mzima, halafu aape kwamba hataki cha juu! Si tungempeleka akaombewe?

Na hata ukiapa, kama mnada haujafungwa, nyamaza. Hapo ndipo aliponaswa huyu wa wiki hii. Aliona cherehani ya 201K, ile K ikiwa ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer cha Clydebank. Safi, kasha lake la mbao lipo, bei bado iko chini. Akafurahi, akatangaza. Kumbe wanachama kadhaa walikuwa wanaivizia siku zote hizo, kila mmoja kimya, kila mmoja akidhani yuko peke yake, wakingoja sekunde za mwisho ndipo watupe dau. Bei ikapaa. Mmoja wao akaandika waraka mrefu wenye adabu kubwa, ambao ukiusoma mara ya pili unagundua ni matusi matupu.

Mimi niko upande wa aliyefungiwa. Anayeuza naye ana riziki yake, na huenda ni bibi kizee anayetafuta ada ya mjukuu. Kwetu jirani akiona belo la mitumba linafunguliwa asituite, hatumsalimii mpaka Idi. Huku asiyekuita ndiye mstaarabu.

Hiyo Clydebank ni mwendo mfupi wa treni kutoka ninapokaa. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980, lakini kituo cha treni mpaka leo kinaitwa Singer. Juzi nilishuka pale bila shughuli yoyote. Hakuna cherehani, kuna maegesho ya magari na mvua. Nikasimama nikiutafuta masikioni mlio wa cherehani yako siku za kuelekea Idi, saa saba usiku, wewe umeng'ang'ana na magauni ya watu, sisi watoto tumelala juu ya vitambaa vya wateja. Mzungu mmoja akaniuliza kama nimepotea. Nikamwambia nangoja treni, wakati treni ndiyo kwanza imeondoka.

Sasa nisikilize. Tazama kwenye kitako cha cherehani yako, upande wa kulia, unisomee namba iliyochongwa pale. Ikianza na F, Y au E, basi imetoka hapa jirani yangu. Na yule kijana wa vyuma chakavu anayeimezea mate, mkatalie. Ukilazimika kuiuza, niambie mimi kwanza. Cha juu tutaongea.