Shemeji Anapima Mwanga

Ratiba ilitangulia, mwenyewe akafuata. Ilikuja kwa WhatsApp kutoka Dar es Salaam, imepigwa mistari na kutiwa rangi kama ratiba ya mitihani ya taifa: Ijumaa machweo Ipinda, Jumamosi macheo Matema, usiku nyota, Jumapili macheo tena endapo yale ya kwanza yataharibiwa na mawingu. Mwisho wa ukurasa shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: WATU WASIWEPO KWENYE FREMU.

Nilicheka peke yangu dukani hadi mteja akadhani namcheka yeye. Huku kwetu Kyela, watu wasiwepo!

Ugonjwa wenyewe wa kupiga picha aliupata mtandaoni. Kule Utah, Marekani, kuna korongo linaitwa Zion, hifadhi ya taifa tangu 1919. Mwishoni mwa Oktoba miti iliyo kando ya mto wake hugeuka manjano kabla ya kupukutisha majani, kuta za mawe nazo ni nyekundu, na wapiga picha wanatoka pande zote za dunia kuja kugombea mahali pa kusimama. Nauli ya Utah shemeji hana. Akafungua ramani, akatafuta ukuta wa mlima wenye maji chini yake humu humu nchini, kidole kikatua Matema, pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, pale Milima ya Livingstone inaposhuka mpaka kutia miguu majini.

Kwa upande wa kuta, nampa haki yake. Ziwa halifiki mita 500 kutoka usawa wa bahari, na milima iliyolisimamia inapita mita 2,000. Kwa upande wa majani ya manjano, alikosea bara. Huku kwetu Oktoba rangi utaziona kwenye miombo, ukishika njia ya Chunya, na yale mekundu hayafi, ni machanga yanachipua kabla hata mvua haijagusa ardhi. Kyela yenyewe ni kijani mwaka mzima: migomba, mikakao, michikichi, miembe. Nilimweleza hayo kwenye simu. Akaniuliza, hata mti mmoja wa manjano haupo? Nikamwambia upo, mpapai wa jirani, unaumwa.

Akaja hivyo hivyo. Alishuka stendi amevaa kizibao cha mifuko mingi, begani tripodi, shingoni kamera, mkononi daftari. Mimi nilimwona mpiga picha. Wenzangu walivyomwona, nilikuja kujua baadaye.

Ijumaa jioni tukapita njia panda ya Kikusya, tukafika Ipinda. Hapa sina utani: mwanga wa jioni unatoka magharibi na kuipiga ile milima usoni, na mbele yake ni mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, ng'ombe wanatafuna mabua. Kasoro ilikuwa moshi. Oktoba kila mtu anachoma shamba lake, na mlima uliokaa hapo tangu dunia iumbwe unafifia mpaka unautilia shaka. Shemeji akasimika tripodi kwenye tuta, akachungulia kwenye kioo, akahesabu hatua kuelekea kushoto, akaandika kitu daftarini. Akarudi, akahesabu kuelekea kulia, akaandika tena.

Mzee mmoja akatoka kwenye mikakao yake. Alisimama kitambo mikono nyuma, akitazama ile miguu mitatu.

"Shikamoo baba," shemeji akasema bila kutoa jicho kwenye kamera.

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

"Nzuri. Napima mwanga."

Mzee akageuza shingo polepole, akaufuata mdomo wa kamera kutoka kwenye tuta mpaka kwenye migomba yake, kutoka kwenye migomba mpaka kwenye nyumba yake. "Ahaa. Kumbe umeme. Na nguzo zinapita hapa hapa?"

Nilitaka kuingilia kati, lakini shemeji alikuwa na yake. "Hapana baba, nguzo sizitaki kabisa. Hapa nataka pawe peupe. Hata ile migomba ingekuwa haipo ningeshukuru."

Ndugu msomaji, wewe unaishi Tanzania. Unajua maana ya mtu wa kizibao, mwenye miguu mitatu na daftari, anayetaka pawe peupe. Kinachofuata ni alama ya X ukutani kwa rangi nyekundu. Kabla jua halijazama palikuwa na mkutano. Mmoja anauliza fidia ya mkakao unaozaa ni kiasi gani na wa mche ni kiasi gani. Mwingine anataka kujua makaburi yanahesabiwaje. Mama mmoja alikuja na hati ya kiwanja cha Mbeya, ili mradi tu nayo ionekane. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kinyakyusa, kwamba huyu ni mkwe wetu, anapiga picha za mlima. Mzee akanitazama kwa huruma. "Mlima huo? Mtu atoke Dar kupiga picha mlima ambao hauendi popote?" Akaniambia ndaga, yaani asante, akaondoka. Tulipopita pale tukirudi alikuwa ameiongezea migomba wenzake: machipukizi mabichi, mstari mnyoofu, mahali hasa tripodi iliposimama.

Matema nako ratiba ilikuwa na macheo, jua likichomoza kutoka majini. Nilikuwa nimemwambia mlima uko mashariki. Akanijibu programu ya simu imeonyesha. Tukakaa mchangani tangu saa kumi na moja alfajiri. Mbingu ikapauka, ndege wakaamka, jua likawa limeshawaamkia watu wa nchi nyingine, sisi bado tuko kivulini. Lilitokea juu ya mgongo wa mlima saa moja na ushee, limeshakuwa kali. Na kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, siku ya soko la Lyulilo, ufuko uliotakiwa kuwa mtupu ulikuwa umejaa mitumbwi kutoka Ikombe, imesheheni vyungu vya Wakisi. Shemeji akarudi nyuma kutafuta pembe isiyo na watu. Akarudi, akarudi. Sauti ikatoka nyuma yake: "Kaka, unakanyaga mboga." Alikuwa katikati ya usipa walioanikwa.

Usiku alipanga nyota, na kwa hilo alichagua giza la mwezi, kama wanavyofundishwa. Tatizo ni kwamba wavuvi wa usipa nao wanachagua giza la mwezi, maana taa zao ndizo zinazowaita samaki. Ziwa likawaka kutoka upande huu mpaka upande wa Malawi. Alipiga picha moja kwa ghadhabu, taa chini, nyota juu, huwezi kujua maji yanaishia wapi. Ndiyo picha pekee niliyoipenda katika safari nzima. Akaifuta. Ilikuwa na watu.

Anayetaka nchi isiyo na mtu apande juu ya milima hiyo hiyo, kuna Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ingawa maua yake yanachanua wakati wa mvua na atalowa. Au aende Isimila, karibu na Iringa, ambako nguzo za udongo zimechongwa na mvua na hakuna moja itakayomuuliza fidia. Huko ndiko shemeji anakopanga sasa; ratiba nimeshaiona, ina rangi mpya.

Kwenu wengine mnaokuja Kyela na kamera, karibuni sana, njooni Juni kabla ya moshi. Ila nawaomba, mkishuka, piteni kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, na mkiulizwa mnafanya nini, msiseme mnapima kitu chochote. Ile migomba ya Ipinda imeshazaa, na kila nikienda gulio anayeulizwa fidia inatoka lini ni mimi.