Kashata ya Mtumishi wa Umma

Vile vipande vya nafaka na matunda makavu ambavyo supamaketi hufungwa karatasi ya kung'aa na kuuzwa bei ya kilo ya mchele, kwao hasa pangekuwa Dodoma. Zunguka Soko la Majengo asubuhi moja tu uone. Mtama mweupe upo, uwele upo, karanga, ufuta, mbegu za alizeti, unga wa ubuyu, na asali ya Manyoni ndani ya chupa zilizowahi kuwa za maji. Zabibu ndiyo usiseme. Mkoa huu huvuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na tena Agosti hadi Septemba, na msimu ukifika vijana wanakimbia na beseni hadi dirishani mwa basi kabla halijasimama sawasawa. Kinachokosekana ni kimoja tu: kitu cha kuvishikanisha vyote hivyo visitawanyike.

Mimi ni mmoja wa watumishi waliohamia huku na makabati ya faili baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa 1973, lakini watu walikuwa wameshauzoea ukiwa hivyo hivyo. Kule Mtumba tuna majengo mazuri, barabara nzuri na upepo. Saa nne kuna chai. Siku tuliyoletewa wataalamu wa kupima afya, nesi alinifunga kile kitambaa cha presha, akatazama kipimo, akanitazama kiuno, akauliza kwa adabu, "Baba, saa nne huwa unakunywa chai na nini?" Nikaanza kumtajia: chapati, supu, maandazi ya kusindikizia supu. Alikuwa anaandika. Nilipofika kwenye maandazi akaweka kalamu chini.

Jioni mke wangu akanionyesha kwenye simu video ya dada mmoja wa ughaibuni. Nje ya dirisha lake theluji inaanguka, yeye anachanganya oti, lozi, tende na vitunda vyekundu ambavyo sijapata kuviona, anakandamiza kwenye trei, anakata vipande vilivyonyooka, na mikono yake haijachafuka. Sukari hamna. Mke wangu akasema oti za kopo ni gharama, mtama utatosha. Tende nazo si msimu wa Ramadhani, bei yake haishikiki, asali itatosha. Kwa maneno mengine, tulibaki na trei.

Tukaanza na zabibu. Kununua pakiti ya zabibu kavu kutoka nje ya nchi ilhali mbichi zinamwagika sokoni tuliona aibu, tukazianika wenyewe juu ya bati. Hesabu yake inakatisha tamaa, maana kilo nne mbichi zikikauka hupati zaidi ya kilo moja au karibu na hapo, na hiyo ni kabla ya watoto kupanda kuangalia kama zimekauka. Wakaja nyigu. Wakaja ndege ambao sikujua kama wanaishi mtaa wetu. Nikachukua chandarua cha chumbani nikazifunika. Mke wangu akanitazama kutoka chini akasema, "Malaria ikitushika tutameza zabibu."

Anayeijua Dodoma ya Agosti ameshajua kilichofuata. Upepo wa hapa haupigi hodi. Saa nane mchana ulijaza chandarua, ukakinyanyua na zabibu zake, ukakipeleka uwanja wa shule, na nusu ya kilichobaki kwenye bati kikapakwa vumbi jekundu ambalo halitoki hata kwa maji ya uvuguvugu. Jirani yetu, mama wa Kigogo mwenye subira kubwa, alinirudishia chandarua kimekunjwa vizuri. "Baba," akaniambia, "huku kinachokausha siyo jua, ni upepo. Anika chini ya paa, karibu na ukuta, utandaze kwenye chekeche." Tukafanya hivyo, zikakauka safi, zikabaki na rangi yake. Tatizo likawa moja. Zabibu inayolimwa zaidi Dodoma ni Makutupora Nyekundu, na hiyo ni zabibu ya mvinyo. Ina mbegu. Ikiwa mbichi mbegu unaitema. Ikikauka, nyama inanywea, mbegu inabaki vilevile na ukaidi wake wote.

Mtama nao una mambo yake. Unapurwa chini, kwa hiyo usipoupepeta na kuuchagua, mchanga nao unahesabika kuwa nafaka. Halafu ukiukaanga hivi hivi hautafuniki. Ni jirani yuleyule aliyetuonyesha bisi: sufuria kavu, moto mkali, mtama kiasi cha kiganja kimoja, funika, tikisa. Kwanza kimya, kisha tak, tak, kisha vurugu. Zinatoka bisi ndogo nyeupe, laini, zenye harufu ya shamba lililovunwa. Shida ni pale unapofunua kifuniko mapema kwa shauku. Zile zilizokuwa hazijaamua zinaamulia hewani. Mpaka wiki iliyofuata tulikuwa tunaokota bisi kwenye viatu, na kuku wa jirani wakaongeza jikoni kwetu kwenye ratiba yao.

Kuoka tulioka kwa jiko la mkaa, moto chini kidogo na makaa mengine juu ya mfuniko, kama watu wanavyooka keki mitaani. Humo kulikuwa na bisi, karanga, ufuta, zabibu, asali, na unga wa ubuyu ambao mke wangu aliumwagia kwa moyo mmoja kwa sababu una vitamini C. Ubuyu ukanyonya unyevu wote wa asali. Makaa ya juu yakafanya kazi kuliko ya chini. Kilichotoka hakikukatika kwa kisu, wala kwa kisu kikisaidiwa na mchi. Nilikumbuka ardhi ya Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walikuja pale na matrekta mengine yaliyoundwa kutokana na vifaru vya vita, walime karanga za kukamua mafuta kwa ajili ya kwao. Kiangazi kikaingia, udongo wa mfinyanzi ukakauka na kushika karanga zikiwa ndani, zisichimbike. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na pauni zaidi ya milioni 30 zimelala pale. Mimi nilipoteza sufuria tu, kwa hiyo ukilinganisha, nilikuwa na uongozi bora.

Vipande vilivyokubali kuvunjika nilivipeleka ofisini. Mkuu wetu wa idara ni mtu wa kutia moyo. Alichukua kikubwa, akakisifia, akauma. Kitu kikalia. Akasimama, akageukia dirishani, akatoa leso, akarudi ameshika punje moja ndogo kati ya vidole viwili. "Kijana," akasema, "hii ni mbegu ya zabibu au ni jino langu?" Tukaikusanyikia sote, kikao kikasimama. Ilikuwa mbegu. Hata hivyo saa nne iliyofuata nilikuta watu wamerudi kwenye maandazi, wananipungia mkono kwa mbali.

Duru iliyofuata tukapunguza ubuyu, tukaongeza asali, tukanunua zabibu zisizo na mbegu, tukaacha kuoka. Vikashika! Siku mbili kabatini, vigumu kiasi, vinavunjika kwa heshima. Nikavipanga kwenye kontena, nikapanda treni ya umeme, ile iliyoanza safari za Dodoma mwaka 2024, nikampelekee mama mkwe Temeke aone mkwewe alivyo mtu wa afya. Dodoma iko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari na hewa yake ya Agosti ni kavu hadi midomo inapasuka. Dar es Salaam hewa unaivaa. Na asali huvuta unyevu hewani, ndiyo tabia yake. Kwa saa chache za treni hakuna kilichobadilika, lakini kontena lilikaa mezani usiku mzima na mfuniko haukubana.

Asubuhi, baada ya shikamoo na habari za wote nyumbani, nikamfungulia. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti kama inavyopasa. Mama akachungulia ndani kwa muda. Kisha akaomba kijiko. Akakoroga. "Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "hii inatumika kabla ya chakula au baada?"

Nikamweleza ilivyokusudiwa kuwa. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga, kisha akaniita jikoni. Mwanamke wa Pwani huyu, amepika kashata tangu akiwa binti. Akasema asali ni ya kulamba, ya kushikiza ni sukari iliyoiva. Akachemsha sukari guru na maji kidogo, akawa anadondosha tone kwenye bakuli la maji baridi. Tone la kwanza likayeyuka. La pili likalala chini, laini. La tatu likagota kwenye bakuli, ukilibonyeza halibonyei. "Hapo," akasema, akaepua, akamwaga bisi zangu na karanga, akakoroga haraka, akamimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, akakata kabla haijapoa. Tukala na kahawa chungu. Haikumomonyoka wala haikuyeyuka, na hakuna aliyeomba leso.

Kwa hiyo huo ndio uamuzi wangu baada ya gharama zote: video ya yule dada ni kashata iliyokwenda ughaibuni ikanyang'anywa sukari. Ya Dodoma ipikwe hivi: bisi za mtama, karanga, ufuta, zabibu kavu zisizo na mbegu, sukari guru iliyojaribiwa kwenye maji, na ubuyu wa kunyunyizia juu tu. Zabibu zianikwe chini ya paa. Chandarua kibaki kitandani. Nesi naye nimeshamuuliza, akaniambia sukari guru ni sukari tu, mwili hauangalii rangi. Basi, kuleni kipande kimoja kidogo, na chai yake inyweni bila sukari.