Fisi Aliyekataa Kuvaa Ngozi

Manyoya bandia yakikatwa kwa mkasi, nyumba nzima hujua. Yaliingia kwenye chai ya mama mkwe wangu, yakaingia kwenye sufuria ya wali, yakafika hadi kwenye soksi zilizokunjwa kabatini. Mtoto wetu wa mwisho aliamka na ndevu za kahawia, akaenda kujitazama kwenye kioo na kucheka hadi akashikwa na kwikwi. Yadi 3 za kitambaa, upana wa sentimita 150, zilikuwa zimetandazwa sebuleni kwa ajili ya kumvika fisi.

Tunaishi Columbus, Ohio. Kila Oktoba, kwa ajili ya Halloween, majirani hupanga mbele ya nyumba zao mifupa ya plastiki, makaburi ya povu na mizuka inayopiga mayowe mtu akipita. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Tanga kukaa na wajukuu, alitamka mapema kwamba mafuvu na mashetani hayapandi barazani maadamu yeye yumo ndani. Mnyama, ruksa. Watoto wakajifungia chumbani kushauriana, wakatoka na jibu moja: fisi.

"Fisi?" Mama alishika kiuno. "Usafiri wa wachawi ndio mnataka kuuegesha mlangoni?"

"Bibi, huyu hapandwi na mtu," binti yetu alimjibu. "Huyu ni yule wa hadithi, anayedanganywa na sungura."

Mama akanyamaza, kwani hadithi hizo amewasimulia yeye mwenyewe. Binti akaongeza sharti lake: awe fisi madoa, tena jike. Alikuwa na haki, maana katika fisi madoa jike ndiye mkubwa wa mwili na ndiye anayetawala kundi.

Mume wangu akashuka gereji. Watu wa Marekani wanaojitengenezea mapambo ya Halloween yanayocheza huipenda sana mota ya waipa ya gari, na ukiiona ikifanya kazi utawaelewa. Huzunguka polepole, ina nguvu nyingi, na kwenye viwanja vya magari chakavu bei yake ni ndogo. Kwa volti 12 kichwa cha fisi wetu kilitikisika kwa pupa, mume wangu akahofia kitachomoka. Akachukua pawa saplai ya kompyuta kuukuu, ambayo hutoa volti 12 na volti 5 pia, akahamishia waya kwenye hizo 5. Kichwa kikatulia. Kikawa kinageuka kushoto, kinarudi kulia, na kila kikifika kulia taya linafunguka. Mifupa ilikuwa ya mabomba ya plastiki, mbavu za waya wa kuku, nyama ya sponji iliyochongwa kwa kisu cha mkate. Hata kabla ya kuvikwa chochote alikuwa fisi kamili: mabega juu, kiuno chini, mgongo umeteremka. Nilimpenda akiwa vile vile uchi.

Kazi ya ngozi ni nyingine kabisa. Manyoya bandia ni nyuzi za akriliki zilizofumwa kwenye kitambaa cha nyuma, na kitambaa hicho ndicho kinachokatwa, nyuzi zenyewe haziguswi. Unakigeuza kifudifudi, unachora kwa chaki, unapitisha wembe juu juu, kisha unavitenganisha vipande kwa mikono. Hapo manyoya hubaki marefu hadi ukingoni, na mshono ukishonwa hauonekani. Halafu kuna mlalo. Manyoya yanalala upande mmoja, na kwa mnyama ni lazima yatoke puani kwenda mkiani, yashuke kutoka mgongoni kwenda tumboni. Kipande kimoja kikikaa kinyume, mtu aliye barabarani huona kasoro hata kama hawezi kuitaja. Mwanasesere wa King Kong wa 1933, aliyetengenezwa na Marcel Delgado, alivikwa ngozi ya sungura, na mpaka leo anayeitazama filamu hiyo huona manyoya yakichezacheza pasipo upepo. Yalisukumwa na vidole vya mafundi waliomsogeza Kong picha baada ya picha. Manyoya hayafichi mkono uliopita.

Tungeenda taratibu kama si tarehe. Katika miji ya eneo letu usiku wa watoto kupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende hupangwa na wakuu wa mji, na wakati ule haikuwa lazima uwe tarehe 31 Oktoba. Tangazo lilisema tarehe 30. Mume wangu aliposikia, alikesha. Alichukua bastola ya gundi ya moto akabandika manyoya kila mahali: mgongoni, mbavuni, miguuni, na shingoni akazungusha kipande kimoja, akakivuta kikakaza vizuri, akakigandisha juu na chini. Asubuhi fisi alipendeza mno. Watoto walimkumbatia, Mama akampiga picha na kuituma kwa dada zake Tanga kabla ya chai.

Kisha umeme ukawashwa.

Kichwa kiligeuka kushoto kidogo, kikakwama. Gundi ilikuwa imekauka ikawa ukosi mgumu, na kitambaa kilichokazwa hakikuwa na pa kwenda. Mota ikavuta. Mshono wa kooni ukaachia, manyoya yakaingia kwenye mkono wa chuma unaosukuma taya, na fisi akaanza kujimeza mwenyewe, ngozi ya shingo ikipotea kidogo kidogo mdomoni. Mota ikanguruma, harufu ya plastiki ikapanda. Mota ya namna hii ikizuiwa isizunguke hunywa umeme mwingi na kupata moto haraka. Mume wangu alikuwa ameweka fyuzi ya gari kwenye waya, na fyuzi hiyo ndiyo iliyokatika. Bila hiyo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Mtoto wa mwisho alilia, akidhani fisi amekufa.

Mama aliweka kikombe chini. Alifika kwenye shingo, akaingiza vidole viwili, akavitoa.

"Mwanangu," alimwambia mume wangu, "kanzu ya hivi ungemshonea mtu angeweza kuinua mkono?"

"Asingeweza, Mama."

"Basi kikwapa kiko wapi?"

Mama alishona kanzu na magauni ya watu kwa miaka mingi, na kwake shingo inayogeuka ni sawa na bega linaloinuka. Aliagiza gundi yote ya shingoni ibanduliwe. Akaniambia nimfungie fisi shingo kwa nailoni ya jikoni, kisha juu yake nizungushe mkanda wa plasta mpaka isionekane. Juu ya mkanda alichora kwa kalamu mistari ya mishono na mishale ya mlalo, tukaukata, tukaubandua, tukautandaza mezani. Huo ukawa mchoro wa kukatia, wenye umbo la shingo yenyewe na si la kukisia. Vipande vya kushoto na vya kulia alivikata kwa kugeuza mchoro, maana vipande viwili vya manyoya haviwezi kubadilishana kama vya khanga. Katikati ya koo na nyuma ya kila sikio akatia kikwapa, kipande chenye umbo la almasi kinachojikunja kichwa kikiwa sawa na kujifungua kikigeuka.

Halafu bitana. Alidai kitambaa kinachovutika, na suruali yangu ya zamani ya mazoezi ikaenda. Ilikaa kati ya mashine na manyoya, ili uzi hata mmoja usifikie chuma. Shingo nzima ikawa soksi: imeshikwa kichwani, na chini haikubandikwa, imeachwa iteleze juu ya manyoya ya mabega. Mama alipiga bandi kwanza, akamtaka mume wangu azungushe mota kwa mkono, ndipo akashona.

Niliona uhodari wake pale kwenye ukosi wa manyoya marefu. Fisi madoa ana kishungi nyuma ya shingo, na manyoya yake huelekea mbele, kinyume na mwili mzima. Binti alileta picha kuthibitisha. Mama aliitazama picha, akageuza kipande kimoja tu, akakishona kichwa chini miguu juu. Mara fisi akapata hasira usoni.

Madoa tulipaka kwa rangi ya akriliki iliyozimuliwa kwa maji, kwani rangi za kawaida za kuchovya pamba hazishiki kwenye nyuzi hizi. Unapaka ukifuata mlalo, unachana kwa kichanuo kabla haijakauka, vinginevyo manyoya hushikana vishungi. Uso mume wangu aliunyoa kwa mashine yake ya kunyolea ndevu, puani karibu na kitambaa, mashavuni marefu kidogo. Mashine hiyo haikupona.

Usiku wa tarehe 30 fisi alisimama barazani akigeuza kichwa tangu mtoto wa kwanza hadi wa mwisho. Kijana mmoja aliyevaa kama mwanaanga alimsubiri afungue taya, akamtilia chokoleti mdomoni. Ilishuka kooni, ikanaswa na bitana, mashine ikaendelea. Wengine walipoona, wakapanga foleni kumlisha. Mama alikaa kitini kando yake, khanga mabegani, akiwaambia kwa Kiswahili wasimshibishe sana, na wao wakimwitikia kwa Kiingereza.

Ukitaka kumvika mnyama wako mwaka huu, anza na sehemu inayotembea, na uishone. Gundi ibaki kwa mgongo na mbavu. Weka fyuzi kabla ya kuweka kitu kingine chochote. Na kwa kuwa barazani Oktoba hujaa maboga yenye mishumaa, tafuta manyoya ya modakriliki, ambayo hayashiki moto upesi kama akriliki tupu, na ndani ya maboga weka taa za betri. Watoto watasogea karibu sana na mnyama huyo, na nguo zao nazo ni za plastiki.